Nahofia kupoteza faili za miaka 14: nihamie hifadhi ipi ya mtandaoni, na nihame vipi?

Mpendwa Mshauri,

Ninakuandikia baada ya kusita kwa wiki kadhaa, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana dogo kwa kila ninayemweleza, ilhali mimi linaninyima usingizi. Kwa miaka 14 nimekuwa nikiweka picha, nyaraka na rekodi za familia yetu katika hifadhi ya mtandaoni ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilianza na nafasi ya bure, ikajaa, nikaanza kulipia kila mwezi, na sasa hata hiyo niliyoilipia inakaribia kujaa. Kwa hesabu inayoonyeshwa kwenye akaunti nina gigabaiti 180. Sehemu kubwa ni picha na video za watoto wetu tangu wakiwa wachanga. Halafu kuna vyeti na mikataba niliyoiskani, kazi zangu za kutafsiri, ambazo zote nimeziandika kwa Word, na folda moja yenye rekodi 23 za sauti za marehemu mama yangu akinisimulia maisha yake.

Miezi miwili iliyopita simu yangu ilijaa. Kwa kuwa niliamini kwamba kila kitu kiko salama mtandaoni, nilifuta kwenye simu picha za miaka mitatu. Siku ya tatu nilifungua kompyuta nikakuta picha zile zile zimetoweka huko pia. Binti yangu ndiye aliyenionyesha kapu la vitu vilivyofutwa, tukazirejesha zote, lakini tangu siku hiyo siiamini tena huduma hiyo na nimeamua kuhama.

Tatizo ni kwamba kila mtu ana ushauri wake. Shemeji yangu ananihimiza nijiunge na huduma ambayo unalipa mara moja tu ukaitumia maisha yako yote. Binti yangu anasema nisikubali huduma yoyote ambayo wenye kampuni wanaweza kuzisoma faili zangu. Mume wangu anasema ninunue diski ya nje, niweke kila kitu humo, niachane na mambo ya mtandao. Mimi natumia simu ya Android na kompyuta ya Windows, na wao wawili, mume wangu na binti yangu, wanatumia iPhone.

Naomba unisaidie kwa mawili: nichague huduma ipi, na nihamishe vipi vitu vingi namna hii bila kupoteza hata kimoja. Sina utaalamu wa kompyuta zaidi ya ule unaohitajika katika kazi yangu.

Wako,
Mtunza Kumbukumbu


Dada Mtunza Kumbukumbu,

Kabla sijasema lolote kuhusu kampuni, naomba ufanye jambo moja leo. Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari cha kompyuta, pakua folda ya rekodi za mama yako, iweke kwenye kompyuta, kisha inakili kwenye kifaa kingine chochote ulicho nacho, hata kama ni flashi. Sauti ni nyepesi. Mazungumzo ya saa nzima yaliyorekodiwa kwa simu kwa kawaida hayafiki gigabaiti moja, kwa hiyo kazi hii haitakuchukua muda mrefu. Fungua kila rekodi usikilize mwanzo wake na mwisho wake. Picha za watoto huenda zipo pia kwenye simu za shangazi na wajomba zao, lakini sauti ile ipo mahali pamoja tu duniani, na haifai kusubiri hadi tumalize kujadili huduma ipi ni bora.

Sasa nikueleze kilichokupata, maana hukukifanya kwa uzembe. Huduma hizi zinaitwa hifadhi, lakini kazi inayofanywa na nyingi kati yake ni kusawazisha, yaani kuhakikisha kwamba simu, kompyuta na akaunti yako mtandaoni vinaonyesha hali moja. Ukiongeza picha kwenye simu, inaongezeka kote. Ukiifuta kwenye simu, inafutika kote. Programu haina njia ya kujua kwamba ulifuta kwa sababu simu ilijaa na kwamba picha bado unaitaka. Kinachokuokoa ni lile kapu, nalo lina muda wake: Google Drive, Dropbox na iCloud kwa kawaida hukuwekea kilichofutwa kwa siku 30, na Google Photos huziweka picha zilizokwisha kupakiwa kwa siku 60. Wewe uligundua siku ya tatu. Ungegundua mwezi wa nne, binti yako asingekuwa na cha kukurejeshea.

Ninalisisitiza hili kwa sababu huduma yoyote utakayohamia itafanya vivyo hivyo. Kuhama kunaweza kukupa nafasi kubwa zaidi na mpangilio mzuri zaidi, lakini hofu uliyoipata siku ile inaondolewa na nakala ya akiba, yaani nakala isiyofuata yale unayoyafanya kwenye simu. Nitaifikia nakala hiyo nitakapomjibu mume wako.

Kuhusu kuchagua, watu wengi huanza na bei na ukubwa wa nafasi. Mimi huanza na mlango wa kutokea: siku nitakapotaka kuondoka, je, nitaweza kutoka na vitu vyangu vyote, vikiwa katika hali ya kawaida, kwa muda unaovumilika? Historia ya huduma hizi inatosha kueleza sababu. Ubuntu One ilifungwa mwaka 2014, na wateja wake wakapewa hadi mwisho wa Julai mwaka huo kupakua faili zao. Wuala, ya Uswisi, ilifungwa mwaka 2015. Huduma iliyoitwa Copy ilifungwa Mei 2016. Amazon, kampuni ambayo hakuna anayeweza kuiita ndogo, iliifunga Amazon Drive tarehe 31 Desemba 2023, ingawa huduma yake ya picha iliachwa iendelee. Hata pale huduma inapobaki, masharti hubadilika: Microsoft iliondoa ahadi ya nafasi isiyo na kikomo mwaka 2015, kisha ikapunguza nafasi ya bure ya OneDrive kutoka gigabaiti 15 hadi 5, na Google Photos iliacha kuhifadhi picha zilizopunguzwa ubora bila kuzihesabu kwenye nafasi yako kuanzia tarehe 1 Juni 2021. Ukichagua leo ukidhani unachagua kwa maisha yote, utakuwa unajidanganya. Chagua ukijua kwamba ipo siku utahama tena.

Kwa hali yako, iCloud ninaiondoa mapema. Ni huduma nzuri kwa nyumba ambayo kila kifaa ni cha Apple, lakini wewe mwenye faili unatumia Android, ambako utalazimika kuingia kupitia kivinjari. Dropbox nayo ni hodari sana katika kusawazisha faili kubwa zinazobadilika mara kwa mara, kwa kuwa hupakia ile sehemu iliyobadilika tu, lakini picha za watoto hazibadiliki, kwa hiyo ungelipia uhodari ambao hutautumia. Zinabaki Google na Microsoft, na zote mbili zinafanya kazi vizuri kwenye Android, iPhone na Windows.

Google ina uwezo mkubwa wa kutafuta picha kwa sura ya mtu, mahali au kitu, na kama hilo ndilo unalolipenda kuliko yote, sitakuzuia. Nafasi yake lakini inagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, kuanzia zile gigabaiti 15 za bure hadi zile za kulipia, na picha zikiijaza, hata barua pepe huacha kuingia. Kwa mtu ambaye wateja wake wanamtumia kazi kwa barua pepe, sipendi video ya siku ya kuzaliwa iwe na uwezo wa kuufunga mlango wa riziki.

Kwa hiyo mimi, katika nafasi yako, ningechagua OneDrive kupitia Microsoft 365. Unatumia Word kila siku, na mpango wa mtu mmoja unaokupa Word unakuja na terabaiti moja ya hifadhi, yaani takriban gigabaiti 1,000. Mpango wa familia unawaruhusu watu hadi sita, kila mmoja akiwa na terabaiti yake na akaunti yake isiyoonwa na wengine. Sababu iliyo kubwa zaidi kwangu ni kwamba faili zako zinakaa humo kama faili za kawaida ndani ya folda za kawaida, na siku ya kuondoka unazinakili jinsi zilivyo. Kuna tahadhari moja: unapoisakinisha kwenye Windows, itakuomba ihamishie ndani yake folda zako za Desktop, Documents na Pictures. Kataa kwa sasa, uamue baadaye ukiwa umetulia. (Kama OneDrive ndiyo hiyo unayotaka kuihama, basi chukua Google, lakini tumia akaunti mpya iliyotengwa kwa ajili ya faili, mbali na barua pepe za kazi.) Usichukue mpango wa gigabaiti 200 popote pale kwa sababu tu una 180, utakuwa umehamia nyumba ambayo tayari imejaa.

Sasa niwajibu wale watatu. Shemeji yako anakutakia mema, lakini fikiria hesabu ya anayekuuzia. Diski zake zinachakaa, umeme na wafanyakazi wanalipwa kila mwezi, na wewe umemlipa mara moja. Gharama zako za miaka ijayo zitatoka kwa wateja wapya, na siku wateja wapya watakapopungua, ahadi ya maisha itakuwa ngumu kutimizwa. Sisemi kwamba huduma hizo ni za udanganyifu. Ninasema zinaweza kuwa nakala ya pili au ya tatu, na kamwe zisiwe nakala pekee.

Binti yako amesema jambo la maana, na ninafurahi kuona kijana anayelijali. Katika huduma nyingi za kawaida, faili zinafungwa kwa usimbaji fiche, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, lakini ufunguo huo uko mikononi mwa kampuni. Zipo huduma ambazo ufunguo unabaki kwako peke yako, kama vile Proton Drive na MEGA, na Apple nayo ilianza kuutoa uwezo huo kama hiari mwezi Desemba 2022, ingawa Februari 2025 iliuondoa kwa watumiaji wa Uingereza. Ulinzi huo una gharama yake: ukipoteza nenosiri pamoja na ufunguo wa kurejesha, hakuna wa kumpigia simu, kwa kuwa kampuni yenyewe haiwezi kukufungulia. Nikipima hatari hizo mbili kwa upande wa picha za watoto, naona uwezekano wa wewe kusahau nenosiri baada ya miaka 10 ni mkubwa kuliko uwezekano wa mtu kuzipekua. Vyeti na mikataba ni habari nyingine. Hivyo tumia Cryptomator, programu ambayo kwenye kompyuta ni ya bure na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Inatengeneza folda iliyofungwa ndani ya hifadhi yoyote, na kinachofika kwa kampuni ni maandishi yasiyosomeka. Weka humo nyaraka zile tu, na nenosiri lake uliandike kwenye karatasi inayokaa pamoja na vyeti vyenu vya asili.

Mume wako yuko sahihi nusu. Diski ya nje ndiyo nakala ya akiba niliyokuahidi, na nunua hata kabla ya kujisajili popote. Lakini diski huanguka, huibiwa, huungua, na nyingine hufa tu bila kutoa dalili. Mpiga picha Peter Krogh ndiye anayetajwa kuieneza kanuni ambayo wapiga picha wengi wanaifuata hadi leo: kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani. Kwako itakuwa rahisi: kompyuta, diski, na hifadhi ya mtandaoni ambayo ndiyo iliyo mbali. Diski isikae imechomekwa wakati wote. Ichomeke mara moja kwa mwezi, nakili vipya, ichomoe.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe, ambako ndiko watu wanakopotezea vitu. Usihamishe chochote, nakili. Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa, kwa sababu anayehamisha huondoa kule anakotoka kila anachokifikisha, na intaneti ikikatika katikati hajui kipi kiko wapi. Wewe utaiacha akaunti ya zamani ikiwa kamili hadi mwisho. Vilevile usianze kwa kusafisha. Utaambiwa na wengi kwamba ni vyema kufuta picha zilizojirudia kwanza ili mzigo upungue, nami nakuomba usifanye hivyo, kwa kuwa mtu anayefuta huku akiwa na haraka ya kuhama hufuta pia asivyokusudia. Nakili vitu na takataka zake, usafishe mwaka ujao.

Nunua diski ya terabaiti moja au mbili na hakikisha imeandaliwa kwa mfumo wa exFAT au NTFS. Ikiwa ni ya mfumo wa zamani wa FAT32, itakataa faili yoyote inayofikia gigabaiti 4, na video ndefu za watoto hufika huko kwa urahisi. Kisha pakua kila kitu kutoka kwenye akaunti ya zamani hadi kwenye diski. Kwa kuwa hukuitaja kampuni, nitagusia njia za mbili kati ya zile kubwa. Kwa Google ipo huduma ya Takeout, iliyoanza mwaka 2011, ambayo inakuandalia vifurushi vya faili zako. Chagua vifurushi vikubwa, hata vya gigabaiti 50, kama intaneti yako ni thabiti, na vidogo kama inakatika, na upakue mapema kwa sababu viungo vyake hudumu takriban wiki moja. Usishangae kukuta kando ya kila picha faili ndogo ya aina ya JSON. Usizifute: humo ndimo yanamokaa maelezo na tarehe ulizozirekebisha ndani ya Google Photos. Kwa Apple, tovuti ya iCloud inakuruhusu kupakua picha zisizozidi 1,000 kwa mara moja, kwa hiyo kwa mzigo kama wako ni afadhali uombe nakala ya data yako kupitia ukurasa wao wa faragha, ambao pia unaweza kutuma picha moja kwa moja hadi Google Photos bila kuzifuta kule zilikotoka.

Kuna mtego mmoja ambao nataka uusome mara mbili, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia humo. Programu nyingi za hifadhi zinaonyesha kwenye kompyuta folda zako zote, ilhali faili zenyewe ziko mtandaoni na kilichopo kwenye kompyuta ni jina na alama tu. Miaka iliyopita niliinakili folda kama hiyo kwenye diski, nikaona majina yote yamefika, nikaridhika. Nilipozifungua baada ya kuifunga akaunti, nyingi hazikuwa na kitu ndani. Nilipoteza picha za safari nzima ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo, na hadi leo ninaliona pengo hilo kila nikifungua albamu ya mwaka ule. Kabla hujanakili folda yoyote kutoka kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague faili zihifadhiwe kwenye kifaa wakati wote, usubiri zikamilike, kisha utazame sifa za folda: zipo namba mbili, ukubwa wa faili na ukubwa zinaochukua kwenye diski. Ikiwa ya pili ni ndogo mno kuliko ya kwanza, faili hazijafika.

Hati zilizoandikwa ndani ya Google Docs zina shida ya jamii hiyo hiyo. Kile unachokiona kwenye kompyuta chenye kiambishi cha gdoc ni kiungo tu cha kwenda kwenye hati iliyoko Google, na ukikinakili umenakili anwani bila nyumba. Zigeuze kwanza kuwa za Word, au uiachie Takeout izigeuze. Nawe kumbuka kwamba folda ambazo wengine walikushirikisha si mali ya akaunti yako, kwa hiyo hazitaingia kwenye vifurushi. Waombe wenyewe, au ziingie moja moja uzinakili. Viungo ulivyowahi kuwatumia wateja navyo vitakufa pamoja na akaunti ya zamani. Majina ya faili ni jambo dogo: Windows haikubali alama kama nukta mbili au ya kuuliza ndani ya jina, na ukiona faili imegoma kunakilika, angalia jina lake kwanza.

Baada ya diski kujaa ndipo upakie kwenye huduma mpya, ukitokea kwenye diski hiyo. Piga hesabu ya muda kabla, ili usikate tamaa njiani. Kasi ya kupakia kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kupakua, na kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), gigabaiti 180 zinahitaji saa 80, yaani siku tatu na saa nane bila kupumzika. Kama unalipia intaneti kwa kiasi unachotumia, jua kwamba mzigo unapita mara mbili, wa kushuka na wa kupanda, jumla gigabaiti 360. Pakia mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka unapokamilika, uandike kwenye daftari pamoja na idadi ya faili, kisha uende kwenye mwaka unaofuata. Zipo huduma za watu wengine zinazojitolea kubeba faili kutoka akaunti hadi akaunti ili zisipite kwenye kompyuta yako, lakini zinahitaji uwape ruhusa ya kuingia kwenye akaunti zote mbili, na kwa faili zenye vyeti vyako mimi nisingetoa ruhusa hiyo kwa ajili ya kuokoa siku tatu.

Ulinganishaji ndio unaokuhakikishia kwamba umefika. Linganisha idadi ya faili katika kila folda, na usitishike ukubwa ukisomeka tofauti, kwa sababu baadhi ya mifumo huhesabu gigabaiti kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Zile gigabaiti 180 zako zinaweza kuonekana kama 168 bila kitu kupungua. Idadi nayo inaweza kupishana kwa faili chache zilizofichwa ambazo kompyuta hujitengenezea yenyewe. Kisha fungua. Chagua folda ya kila mwaka, fungua picha kadhaa, cheza video moja hadi mwisho, fungua vyeti vyote kimoja kimoja, na fanya hivyo ukiwa kwenye simu au kompyuta ya mtu mwingine, ili uwe na hakika kwamba unachokiona kinatoka mtandaoni na hakitoki kwenye diski iliyo mbele yako. Mtaalamu akiwa karibu, mwambie akusaidie na rclone, programu ya bure inayoweza kulinganisha folda mbili kwa alama za ndani za kila faili.

Endelea kulipia akaunti ya zamani kwa miezi mitatu baada ya hapo. Najua inauma kulipa kuwili, lakini kasoro nyingi huonekana pale mtu anapoihitaji faili, wala si siku anapohama. Katika kipindi hicho zima upakiaji wa picha wa programu ya zamani kwenye simu yako, uwashe wa ile mpya, na usifute picha yoyote kwenye simu kwa ajili ya kutafuta nafasi hadi uione ikifunguka kwenye kifaa kingine na pia kwenye diski. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti mpya, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya nenosiri, uchapishe misimbo ya akiba na kuiweka pamoja na ile karatasi ya nenosiri, na umweleze mume wako au binti yako karatasi hiyo ilipo.

Miezi mitatu ikipita salama, acha kulipa, kisha ufute vilivyomo kwa mkono wako, usiiachie kampuni ivifute kwa ratiba yake. Ikiwa anwani yako ya barua pepe imefungamana na akaunti hiyo, usiifunge akaunti yenyewe. Futa faili, bakiza anwani, na uwe ukiingia mara kwa mara, kwa maana Google, kwa mfano, tangu Desemba 2023 inaweza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili, na anwani hiyo huenda ndiyo unayoitumia kurejesha nenosiri la akaunti nyingine zote.

Ukikwama wakati wa kupakua, niandikie tena unitajie huduma unayotoka na ujumbe wa kosa uliouona kwenye skrini, bila nenosiri wala misimbo yoyote, nami nitakujibu kwa hatua za huduma hiyo.

Wako,
Mshauri